Ubao wa Mzee Kinyozi

Mimi ni dobi. Nasema mapema ili mtu asidhani nasimulia mambo ya kusikia mitaani. Kwenye nyumba ya wazee tunayofanyia kazi hakuna linalonipita, maana kila jambo mwishowe huja kwangu likiwa shuka, foronya au taulo. Aliyelia usiku namjua. Aliyejikojolea akasingizia kikombe cha maji namjua pia, na namtunzia siri. Ila niliyemjua kuliko wote hakuwa mzee wala mgonjwa. Alikuwa mfanyakazi mwenzangu, mlezi wa wazee, tuliyemwita Profesa.

Jina hilo tulimpa kwa utani, yeye akalichukua kwa dhati. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na viatu vyake vyeupe huwa visafi hata siku za mvua. Wakati wa mapumziko wenzake huenda kupiga soga jikoni. Yeye alikuwa akija chumba cha kufulia, anapindua kapu, analikalia, kisha ananisomea maneno ya Kiingereza huku mashine zinanguruma. Mimi Kiingereza changu ni cha sabuni na maji ya moto, nasikia kuliko ninavyosema, na kinatosha kazi yangu. Nilikuwa nikimwambia, "Dada, maneno yote hayo utayapeleka wapi?" Ananijibu, "Wewe kunja mashuka yako, uniache nitajirike."

Kutajirika. Neno hilo hakulitoa hewani. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na shangazi aliyekuwa akishona sare za shule, na mwenyewe alivaa sare iliyounganishwa kwa vipande vilivyobaki. Shuleni kulikuwa na mwalimu wa Kiingereza mwenye kalamu nyekundu na moyo mgumu. Mwanafunzi akirudia neno moja mara mbili kwenye insha, mwalimu huyo alilikata, akaandika pembeni: "Umaskini." Basi watoto wengine walicheka wakasahau. Huyu hakucheka. Alikuwa maskini kweli, wa nguo na wa chakula, na hakuwa tayari kuwa maskini wa maneno pia. Akaanza kuyapanga kwa koo. Neno hili na hili na hili, ukoo mmoja, yote yana maana moja kwenye kamusi, ukilitumia hili leo kesho tumia ndugu yake. Hakurudia neno tena. Alipomaliza shule alipewa zawadi ya insha bora, na zawadi yenyewe ilikuwa kamusi. Anayo mpaka leo, imevishwa gazeti.

Sasa nieleze desturi ya pale kazini, maana balaa lote lilitokea humo. Kila asubuhi, zamu moja inapopokea kutoka kwa nyingine, wote husimama kwenye ukumbi mrefu wenye milango ya vyumba. Nje ya kila mlango kuna ubao mdogo mweupe wenye safu za siku za juma. Anayemaliza zamu hupita mlango kwa mlango akitaja hali ya kila mzee, kwa neno moja tu la Kiingereza, na Matroni huliandika ubaoni chini ya siku hiyo. Neno moja, kwa sababu zamani waliporuhusiwa kueleza, makabidhiano yalifika saa ya chai na wazee hawajanywa uji. Kiingereza, kwa sababu wafanyakazi wanatoka pande zote, kila mmoja na lugha yake, na daktari hajui Kiswahili hata cha salamu.

Wengi walijiendea na maneno yao manne. Mzima, mgonjwa, kalala, hajambo. Profesa alipoanza kazi, makabidhiano yakawa maonyesho. Alisimama wima, mikono nyuma, akatoa neno jipya kila mlango, kila siku. Mzee aliyesinzia jana kwa neno moja, leo alisinzia kwa jingine. Wengine walikunja pua. Matroni alitabasamu. Minong'ono ikaanza kwamba msimamizi wa zamu akistaafu, kiti ni cha Profesa.

Mimi nilifurahi naye. Ila nilikuwa na donge dogo, na sikujua kulisema. Katika lugha yetu hakuna anayehitaji kufundishwa uzito wa maneno. Msichana yuleyule, mama yake atasema ni mwembamba, na jirani mwenye kijicho atasema ni kimbaombao. Hakuna mwenye akili timamu atakayeingia msibani awaambie wafiwa kwamba baba yenu amekata kamba. Atasema ametutoka. Mwili ni uleule mmoja umelala pale, lakini neno moja linakupa kiti na jingine linakutoa mlangoni. Profesa aliyajua hayo kuliko sisi sote, mwenye ulimi wa kuchoma namna ile! Lakini maneno ya Kiingereza aliyapata kwenye safu, masafi, hayajawahi kumliza mtu mbele yake. Kwake yalikuwa kama nguo mpya dukani, zote saizi moja.

Kisha akaletwa Mzee Kinyozi.

Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia na usemi wote. Kilimwachia mkono wa kushoto, macho makali, na binti mmoja aliyekuja kila Jumapili na nguo zilizopigwa pasi. Binti ndiye aliyetuambia baba yake alikuwa kinyozi maisha yake yote. Tukachukua jina, tukasahau habari. Hivyo ndivyo tunavyofanya na wazee, tunawaita fundi na dereva na mwalimu, halafu tunawalisha uji kama watoto.

Mzee huyu hakuwa na tatizo la kula wala la dawa. Tatizo lilikuwa asubuhi, wakati wa kuoshwa uso. Profesa akimsogezea taulo lenye maji ya uvuguvugu, mkono wa kushoto unapanda na kulisukuma. Siku ya kwanza Profesa aliripoti "difficult", yaani msumbufu kidogo, ana kazi. Siku ya pili mkono ukapanda tena, lakini neno hilo alikwisha kulitumia, likiwa bado mbichi kwenye ubao. Akachukua ndugu yake: "stubborn". Siku ya tatu akasema "hostile". Siku ya nne, kwa sauti ileile nzuri, mikono nyuma, akasema "aggressive".

Nilikuwa napita na kapu la foronya. Nilimwona Matroni anasita, anafunika kalamu nyeusi, anafunua nyekundu. Hapo kwetu kuna maneno machache ambayo yakitamkwa daktari lazima aitwe, na hilo ni mojawapo. Profesa hakuliona hilo. Alikuwa amekwisha hamia mlango unaofuata.

Daktari alikuja mchana huohuo. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye haraka. Alisimama mbele ya ubao akausoma kutoka kushoto kwenda kulia, na nikauona uso wake ukibadilika kadiri alivyosogea, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Msumbufu. Mbishi. Mwenye uadui. Mshambulizi. Alimuuliza Matroni ni nani aliyeripoti. Matroni akamtaja mlezi wake bora, yule mwenye Kiingereza cha uhakika. Daktari akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema ubongo wa mzee unaharibika haraka, na kesho baada ya chai ahamishiwe nyumba ya nyuma.

Nyumba ya nyuma ninaifulia pia, kwa hiyo naijua. Iko nyuma ya jiko, mlango wake wa chuma unafunguka kwa namba. Huko mtu huingia na sindano ya kumtuliza, na sindano hufuatana. Mashuka ya huko hayana hata mikunjo, kwa kuwa wanaoyalalia hawajigeuzi. Hazivaliwi nguo za nyumbani huko, wote ni gauni moja la kijivu linalofungwa mgongoni. Mimi sijawahi kumfulia mtu huko, halafu nikaja kumfulia tena upande wa mbele.

Ndiyo sababu asubuhi ya siku ya kuhamishwa binti ya Mzee Kinyozi alitumwa kwangu: aje achukue nguo za baba yake, hatazihitaji tena. Nilikuwa nimezikunja juu ya meza. Profesa, zamu yake imekwisha, alikuwa amekaa kwenye kapu lake akimalizia chai, na uso wake, nakumbuka vizuri, ulikuwa uso wa mtu aliyelala vizuri. Kwake mzee alikuwa anapelekwa mahali penye wauguzi wengi zaidi. Alisimama kwa heshima, akampa pole.

Binti hakuketi. Alishika shati moja jeupe, akalilaza kifuani.

"Wewe ndiye unayemwosha baba?"

"Ndiyo, dada yangu. Ni mimi."

"Nimepigiwa simu nikaambiwa baba amekuwa mtu wa kushambulia. Sikulala." Sauti yake ilikuwa imebanwa, haipandi wala haishuki. "Baba yangu alishika wembe kwenye shingo za watu miaka yote ile na hakuwahi kumkwaruza mtoto. Nyumbani hakuwahi kunipiga hata kofi. Nimekubali kutia sahihi kwa sababu nimeambiwa ni hatari. Lakini mimi ni mwanawe, lazima nijue. Achana na hicho Kiingereza cha ubaoni. Niambie kwa Kiswahili, dada. Baba alikufanya nini?"

Profesa akafungua mdomo. Nilikuwa nimezoea kuona maneno yakimtoka kama maji bombani. Safari hii bomba lilikauka.

"Alisukuma mkono wangu," akasema.

"Siku ile ya mwisho? Alikusukuma ukaanguka?"

"Hapana. Alisukuma mkono wenye taulo."

"Na ile siku kabla yake? Wamesema alikuwa na uadui."

"Alisukuma..." Akaweka kikombe chini, kikagonga ukingo wa meza, chai ikamwagikia kiatu cheupe, hakuitazama. "Alisukuma mkono."

"Na siku ya kwanza?"

Profesa alikuwa amenitazama mimi, macho yamemtoka, na nikaelewa kwamba ameona. Mkono uleule. Nguvu ileile. Siku zote nne hakuna kilichopanda isipokuwa maneno yake. Mimi nikasema kile ambacho hakuna mtu mwingine angekisema, kwa kuwa mdomo wangu haujui kujizuia: "Dada, wewe umempandisha mzee huyu ngazi kwa miguu yako."

Alitoka mbio. Sijawahi kumwona Profesa akikimbia. Binti akamfuata, shati mkononi, na mimi nikaziacha mashine zijizungukie zenyewe.

Mbele ya chumba cha mzee walikuwa wamekwisha fika. Kitanda cha magurudumu kiliegeshwa ukutani, wabebaji wawili wameegemea. Daktari alikuwa ameshika trei yenye pamba na sindano, Matroni yuko kando yake. Ubao ulikuwa palepale juu ya vichwa vyao, na lile neno jekundu.

Profesa alisimama katikati ya mlango. Alisema kwa Kiingereza, akihema, kwamba mzee asihamishwe, kwamba amekosea. Daktari alimuuliza amekosea nini. Akasema maneno. Akasema mzee amefanya jambo moja tu, siku zote, na maneno manne yote yalikuwa ya jambo hilohilo moja.

Daktari hakukasirika. Heri angekasirika. Alimtazama kwa huruma, akasema anaelewa, walezi huwapenda wazee wao, na siku ya kuhamishwa kila mlezi hulegeza maneno. Akamwonyesha ubao. Huyu si mtu asiyejua lugha, akasema. Aliyeandikisha maneno haya alijua kutofautisha. Kile Kiingereza chake kizuri ndicho kilichokuwa kinamsulubu mzee. Angekuwa mmoja wa wale wenye maneno manne ya kila siku, daktari angemwamini.

"Profesa," Matroni akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "usijiharibie. Unajua kiti kile nimekuwekea. Ukisema hapa mbele ya daktari kwamba ulikuwa unabuni, sitakuwa na la kukutetea."

"Sikubuni, Matroni. Nilikuwa naogopa kurudia neno."

"Unaogopa nini?"

"Kurudia neno!" Alipiga kelele, na mzee chumbani akageuza kichwa. "Shuleni neno likirudiwa linakatwa. Nilisema hivyo kwa sababu neno la jana lilikuwa limetumika. Basi! Hakuna kingine! Nilimpa mzee wa watu uadui kwa sababu ubishi ulikuwa umetumika!"

Mbebaji mmoja alikohoa. Matroni akafumba macho kidogo, kisha, namshukuru mpaka leo, akamtafsiria daktari yote, neno kwa neno, bila kumpaka mafuta. Kwa kufanya hivyo alikuwa anakifuta kile kiti, na wote wawili walijua.

Daktari akatazama saa. Akasema jambo la haki, siwezi kumlaumu: sasa hajui aamini lipi, lile la jana au hili la leo, kwa kuwa yote yametoka kinywa kimoja. Basi amwoshe mzee uso, sasa hivi, mbele yake. Atatazama kwa macho yake. Na sindano haikuondoka mkononi.

Tukaingia. Mzee Kinyozi alikuwa ameketi kitandani, mgongo kwenye mito, fulana safi, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Aliona trei. Aliona mashati yake hayapo kwenye ndoano. Macho yake yakatoka kwa binti yake yakaja kwa daktari, na kifua kikaanza kupanda na kushuka. Hakuna aliyemweleza chochote tangu jana, na alikuwa ameelewa kila kitu.

"Baba, tulia," binti akasema. "Tulia, baba yangu, tafadhali."

Nilitaka kumwambia Profesa angoje. Mtu aliyejaa hofu namna ile angeweza kweli kumpiga, na angempiga siku ambayo kumpiga ndiko kungemfunga. Lakini alikwisha chovya taulo. Akalikamua. Maji yakadondoka sakafuni. Matroni alisogea karibu na kengele ya dharura, akaweka kidole juu yake.

Taulo likamkaribia mzee. Mkono wa kushoto ukapanda, ukasukuma. Safari hii ulisukuma kwa nguvu. Kiwiko kikapiga beseni, beseni likaenda chini kwa kishindo, maji yakasambaa mpaka viatu vya daktari. Binti akaguta. Daktari akavuta hatua moja nyuma, akamgeukia Profesa, akamuuliza, wala si kwa ukali: hili analiitaje?

Profesa alikuwa amelowa mpaka magotini. Nilimwona akitafuta. Najua alivyo anapotafuta, macho hupanda juu kidogo kushoto, kwenye zile safu zake, ukoo kwa ukoo. Maneno yote yalikuwepo. Alikuwa na uwezo wa kumpa daktari kumi. Maji yalikuwa yakitiririka chini ya kitanda.

Kisha macho yakashuka, akamtazama mzee, akasema Kiingereza cha mtoto wa darasa la kwanza:

"He said no."

Amesema hapana. Hata mimi nilielewa. Mtu asiye na ulimi alikuwa amesema hapana kila asubuhi kwa mkono mmoja aliobakiwa nao, na sisi tukawa tunagombea namna ya kumpamba.

Daktari akarudia maneno hayo taratibu. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameliuliza tangu mzee aletwe, na kwa swali hilo nimemsamehe mengi. Aliuliza: hapana kwa nini? Anakataa kitu gani?

Tukatazamana. Ukishaambiwa mtu ni mshambulizi huulizi anakataa nini. Unafunga mlango. Profesa alisimama na taulo lake, akaligeuza mkononi. Nadhani hakujua. Nadhani alifanya tu lililobaki kufanywa. Alimshika mzee mkono wa kushoto, akaliweka taulo kiganjani, akavifunga vidole vya mzee juu yake, akaachia.

Mzee akalitazama taulo. Akalikung'uta mara moja, kwa kifundo cha mkono, likatoa mlio mkavu. Akajifuta paji la uso. Akafuta jicho moja, akaligeuza taulo, akafuta la pili kwa upande msafi. Pua, kidevu, nyuma ya masikio, polepole, kila mahali mara moja tu, kama kazi aliyolipwa kuifanya. Alipomaliza alilikunja pajani kwa mkono huo mmoja, ncha kwa ncha. Ilimchukua muda.

Halafu akainua mkono tena, ukiwa na taulo, ukaenda moja kwa moja usoni kwa Profesa.

Nasimulia ilivyokuwa. Profesa alisukuma. Mkono wake ulipanda wenyewe kabla hajafikiri, ukaupiga ule wa mzee ukauondoa usoni pake, kwa nguvu kuliko mzee alivyowahi kufanya. Taulo likaruka likaangukia kwenye maji. Matroni alikuwa amekwisha kuibonyeza kengele nusu, nikasikia ikikwaruza bila kulia.

"Alikuwa anampangusa jasho tu," binti akasema, na sasa alikuwa analia wazi. "Ndivyo alivyomaliza kila mteja. Anapangusa paji, ndipo anamwonyesha kioo."

Profesa alikuwa bado ameinua mkono wake hewani. Aliutazama kana kwamba umemsaliti. Daktari naye aliutazama, muda mrefu, kisha akatazama nje ya mlango, kwenye ubao, na nikajua anachokifikiri, maana nilikuwa nafikiri hilohilo: mwanamke huyu naye tumwandike lipi kati ya yale manne?

Daktari alitoka, akavuta kitambaa mfukoni, akafuta safu nzima, nyeusi na nyekundu. Aliwaambia wabebaji warudishe kitanda. Sindano ilirudi kwenye trei, trei ikaondoka.

Profesa alikuja kwangu baada ya hapo. Hakukaa kwenye kapu. Alisimama katikati ya mashine akalia kwa sauti, naye si mtu wa kulia. Nilijikaza kisabuni nikamwambia yamekwisha, mzee yuko kitandani kwake, mashati yamerudi kwenye ndoano. Akasema, "Dada, nusura nimfungie mtu mlango wa chuma ili nipate alama." Nikampa foronya safi ajifute uso, na nikaangalia nisimfute mimi.

Kiti cha msimamizi alipewa mwingine, mmoja wa wale wenye maneno manne. Ndivyo ilivyo. Kesho yake asubuhi kwenye makabidhiano nilisimama makusudi na kapu langu. Walipofika mlango wa Mzee Kinyozi, Matroni akainua kalamu nyeusi, akangoja neno. Profesa akasema kwa Kiingereza kwamba mzee ameosha uso wake mwenyewe.

"Neno moja, Profesa," Matroni akamkumbusha.

"Ameosha uso wake mwenyewe," akarudia.

Matroni akamtazama. Kisha akaandika, kwa herufi ndogondogo ili sentensi nzima ienee. Kesho yake Profesa akasema vilevile, na kesho kutwa vilevile, mpaka juma likajaa ubaoni kwa maneno yaleyale kutoka ukingo hadi ukingo. Wenzake wakamcheka, wakamuuliza kama kamusi imeibwa. Mimi nilimfikiria yule mwalimu wa kalamu nyekundu. Angepita pale angeandika "umaskini" chini ya kila siku, na Profesa angemwachia nafasi aandike.